Kila mtu amwaminiye

Binti yangu ana miaka tisa. Wiki iliyopita mwalimu wake wa shule ya Jumapili alimpa Yohana 3:16 aikariri: "Kwa maana jinsi hii Mungu aliupenda ulimwengu, hata akamtoa Mwanawe pekee, ili kila mtu amwaminiye asipotee, bali awe na uzima wa milele." Mimi nilikuwa napiga pasi, yeye kajilaza kitandani anautamka ule mstari kipande kipande, kama anayehesabu ngazi. Alipofika katikati akanyamaza.

"Mama, si mnasema Mungu anatupenda bila masharti? Sasa 'kila mtu amwaminiye', hilo si sharti?"

Nikamwambia amalize kwanza kukariri. Jibu la mtu mzima aliyebanwa.

Swali hilo nililiuliza na mimi, nikiwa na mimba ya huyo huyo. Sikuwa nimeolewa, na nilikuwa naimba sauti ya pili kwaya kuu. Wazee wa kanisa wakaniita, wakanihoji, wakanitenga: nisiimbe, nisikaribie Meza ya Bwana, mpaka nitubu mbele ya usharika na kurudi kundini. Mwenye mimba yake alikuwa anasali kwingine, hakuna aliyemwita popote. Jumapili tangazo liliposomwa, kwaya yangu ikasimama kuimba juu ya pendo lisilo na mwisho. Nilikuwa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Najua ule wimbo, najua na mahali sauti ya pili inapoingia. Ikaingia bila mimi.

Kwa miezi kadhaa nilimwona Mungu kama lile tangazo la redio: ofa inasomwa kwa sauti ya furaha, halafu mwishoni mtu anakimbiza maneno yasisikike vizuri, "vigezo na masharti kuzingatiwa".

Nilikuwa na muda mwingi, basi nikanunua daftari, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto niliandika mistari ya kupendwa bure, kulia mistari yenye sharti. Kushoto palianza vizuri. Warumi 5:8, Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi". Kumbukumbu la Torati 7, Israeli wanaambiwa hawakuchaguliwa kwa wingi wao, Bwana amewachagua kwa sababu anawapenda. Yaani anawapenda kwa kuwa anawapenda, sababu inazunguka na kurudi palepale. Na yule baba wa Luka 15 anayekimbia kabla mwana hajamaliza hotuba yake ya kuomba msamaha.

Upande wa kulia ndio ulionishtua. "Mkizishika amri zangu, mtakaa katika pendo langu," Yohana 15:10, na anayesema ni Yesu mwenyewe. Yuda, yule mwenye waraka, anawaambia watu wajilinde katika upendo wa Mungu, kana kwamba mtu anaweza kutoka humo. Zaburi 5 inasema Mungu anawachukia watendao ubatili. Hosea 9:15, "sitawapenda tena". Na yale maneno "bila masharti" tunayoyasikia kila mimbari, niliyatafuta kwenye Biblia yangu ya Union Version nikayakosa. Ni maneno yetu sisi, tumeyatunga kufupisha kitu, na kila ufupisho una kinachobaki nje.

Nilipoanza kusoma historia ya kanisa nikakuta wakubwa wamegombana kwa swali hilohilo. Huko Dort, Uholanzi, mwaka 1618 na 1619, sinodi nzima, yaani mkutano mkuu wa kanisa, ilikaa miezi kujibu wafuasi wa Arminius, mwanateolojia wa Kiholanzi. Wale wa Calvin, mwanamageuzi wa kanisa, walishikilia kwamba Mungu humchagua mtu bila kutazama chochote ndani yake, hata imani atakayokuja kuwa nayo. Hakuna sharti hata moja, ila waliochaguliwa si wote. Wa Arminius wakasema anawataka wote, ila mtu lazima aitikie kwa imani. Nilicheka peke yangu. Ukiondoa sharti lote, mlango unabaki wa baadhi. Ukiufungua kwa wote, sharti linachungulia dirishani. Sijaona mpaka leo aliyeponyoka hapo bila kulipa kitu, labda wanaosema wote wataokolewa mwishowe, nao wana mistari yao ya kujibu.

Aliyenisaidia zaidi ni Martin Luther, mwanamageuzi wa Kijerumani, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518. Ya mwisho kati ya zile za kiteolojia, ya 28, inasema kwamba upendo wa Mungu haukuti kinachopendeza tayari, unakiumba. Upendo wa binadamu ndio unaoanza kwa kuona kizuri. Hapo nikaelewa kwamba daftari langu lilichorwa vibaya. Niliandika "sharti" juu ya safu ya kulia nikachanganya vitu viwili: kile unachotoa ili upendwe, na kile anayekupenda anachokitaka kwako. Cha kwanza Mungu hana. Cha pili anacho, tena kingi.

Tazama yule tajiri wa Marko 10. Mathayo na Luka nao wanasimulia habari yake, lakini ni Marko peke yake anayeandika kwamba Yesu alimkazia macho, akampenda. Alimpenda kabla hajamdai chochote. Halafu papo hapo akamwambia akauze alivyo navyo vyote. Kijana akaenda zake kwa huzuni, na Yesu hakumkimbilia nyuma kumpunguzia. Nimeisikia hadithi hii ikihubiriwa mara nyingi kuwa ni ya fedha. Mimi naona ni ya mtu aliyependwa akaondoka.

Wazee wangu walinitaka nibadilike, na sina ugomvi na hilo. Kulikuwa na mambo ya kutubu, nayajua kuliko wao. Walichokosea ni kuliweka takwa la ndani pale mlangoni, mahali pa tiketi. Mmoja wao hakufanya hivyo, mama mmoja mzee, mjane. Alikuwa anakuja kwangu Jumapili jioni, anakaa, anaongea habari za miguu yake inayomuuma, anaondoka. Hakuniuliza lolote. Mimba ilipofika mwezi wa nane akasema, "Jumapili nakupitia. Tutakaa benchi la mbele." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Sikukuuliza kama unaweza." Akanipitia. Tukakaa mbele, miguu yake na tumbo langu, na mchungaji akikwepa kututazama. Mama huyo hakuwahi kunidai chochote ili anipende, na hakuna mtu aliyenidai makubwa kama yeye.

Kwa hiyo usiku ule, pasi ikiwa imepoa, nilimwita binti yangu turudi kwenye mstari wake. Nikamwambia autazame vizuri kama anavyotazama sentensi darasani. "Aliupenda ulimwengu." Hapo kuna "kama"? Hakuna. "Amwaminiye" limeshikana na neno gani?

Akafuata kwa kidole. "Na 'asipotee'."

"Halikushikana na 'aliupenda'?"

"Hapana." Akafikiri. "Kwa hiyo asiyeamini anapendwa, ila anapotea?"

"Ndivyo ninavyousoma."

"Lakini hiyo ni mbaya zaidi, Mama. Si Mungu ataumia?"

Sikuwa na hotuba. Nilimfungulia Hosea, nikaruka sura ya 9 maana bado ni mdogo, nikamwekea kidole kwenye 11:8, pale Mungu anapouliza atamwachaje Efraimu, yaani watu wake Israeli. Akasoma kimya, midomo ikitembea. Halafu akaomba nizime taa.