Hilux imelala, rimu za chuma za 18, na kwa nini sibebi tena viazi

Kila nikipaki Mwanjelwa, hapa Mbeya, lazima atokee mtu aniulize, kaka gari umeishusha vizuri hivi halafu unaivalisha machuma, si ungetafuta tu spoti rimu, zile za aluminiamu? Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Gari ni Hilux ya zamani, haina fo wili, nati tano. Mbele hizi hazina koili, zina tosheni baa, vile vyuma virefu vinavyopita chini ya bodi, kwa hiyo kuishusha mbele ni spana tu, unalegeza bolti zake inashuka. Nyuma ndo kuna kazi. Ekseli imekaa juu ya springi, ukichomeka bloku, kile kipande cha chuma, kati ya springi na ekseli basi ekseli inapanda na bodi inashuka, ila yu-bolti za zamani, zile za umbo la U zinazofunga ekseli na springi, hazitafika tena, tafuta ndefu, na shokapu fupi pia. Kuna mafundi wanakwambia toa majani mawili ya springi inatosha. Kataa. Inashuka kweli, lakini springi inabaki dhaifu na kila tuta unasikia chuma kwa chuma.

Sasa rimu. Spoti rimu ikiingia kwenye shimo kwa kasi inapasuka, na huku malori ya Tunduma yameikunja lami mpaka basi. Rimu ya chuma inajikunja, unampelekea fundi anagonga na nyundo anainyoosha, jioni unatembea. Nzito ndiyo, usukani unausikia kabisa ukiwa taratibu, na gari inaruka kidogo kwenye lami mbovu maana uzito wote ule uko upande wa tairi, springi haiubebi. Mi nimekubali hiyo.

Shida chuma cha inchi 18 ni adimu. Vingi vimetoka kwenye magari ya polisi wa Marekani, ile Ford Explorer ya polisi ya 2013 mpaka 2019 inavaa chuma cha 18 upana inchi 8, na Crown Victoria za mwisho za polisi zilikuwa na 17. Zote ni nati tano kwa 114.3, yaani duara linalopita kwenye nati lina milimita 114.3, sawasawa na Hilux hii ya nati tano. (Ya fo wili ni nati sita kwa 139.7, usijisumbue.) Zangu nilizipata kwa jamaa wa spea za mtumba Dar, zikapanda na basi. Ila nati kulingana haimaanishi rimu inaingia, habu ya mbele ya Hilux, pale katikati rimu inapokaa, imetokeza, lazima tundu la katikati la rimu lipite, langu lilienda kwanza kwa fundi wa mashine likachongwa. Na tumia nati za Toyota, za milimita 12 uzi wa 1.5, zile zenye mdomo wa mchongoko, halafu baada ya kilomita kama mia hivi zikaze tena.

Tairi ya zamani ilikuwa 195R14C, urefu wake wima kama milimita 667. Nikavaa 225/45R18, inakuja 660. Tofauti asilimia moja, spidomita haijui kitu. Kilichobadilika ni ubavu, ulikuwa milimita 156 sasa 101, ndo maana gari inakata kona za kushuka Mlima Nyoka bila kuyumba, na ndo maana pia kila kokoto unalisikia mgongoni.

Lakini hapa ndo watu hawaangalii, ile namba ya uzito ubavuni. Tairi ya mwanzo ina 106, yaani kilo 950 kwa tairi moja. Hizi zina 95, kilo 690, na hizo kilo unazipata upepo ukiwa umejaa psi 42, chini ya hapo zinapungua. Kwa hiyo shemeji yangu wa Uyole akinipigia kuhusu gunia za viazi namwambia tafuta kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, siyo dharau. Mizigo na hii gari tumeachana, labda godoro.

Upepo wenyewe upime asubuhi tairi zikiwa za baridi. Mwezi wa saba hapa Mbeya baridi ikizidi, joto likishuka nyuzi 10 unapoteza karibu psi 2, na tairi yenye ubavu mfupi ukiilegeza hivyo, shimo dogo tu linabana mpira kwenye rimu, ubavu unatoa nundu.

Kabla ya kuingia barabarani kata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, na washikaji wawili wamekaa juu ya boneti. Yangu iligusa kidogo fenda ya kushoto, tukaikunja ule ukingo wa ndani kwa nyundo ya raba, halafu ndo ikaenda alaimenti, kunyooshwa tairi, maana ukilegeza tosheni baa tairi za mbele zinalala kwa ndani na utazila upande mmoja kabla hujafika Makambako.