Chile walilalamika, Peru wakala

Kila nikisikia timu imekatwa pointi kwa kuchezesha mchezaji asiyeruhusiwa namkumbuka Nelson Cabrera, beki mzaliwa wa Paraguay aliyechezea Bolivia 2016 kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia 2018 wakati hajafikisha ile miaka 5 ya kuishi huko ambayo FIFA wanaitaka. Jamaa wala hakuanza, aliingia sub tu mechi mbili, Bolivia wakaifunga Peru 2-0 halafu wakatoka 0-0 na Chile kule Santiago. Basi Chile wakaenda kushtaki, FIFA wakaamua mechi zote mbili Bolivia kafungwa 3-0, yaani Chile wakaongeza pointi 2 na Peru wakapewa 3 za bure kabisa! Bolivia wakakata rufaa CAS, ile mahakama ya michezo, wapi.

Sasa ngoja Oktoba 2017, mechi za mwisho, Chile kapigwa 3-0 na Brazil, Peru kadroo 1-1 na Colombia, wote wana pointi 26 ila Peru kawazidi magoli, akaenda mchujo akamtoa New Zealand, huyoo Kombe la Dunia Urusi, mara ya kwanza tangu 1982. Chile, mabingwa wa Copa America mara mbili mfululizo, wakaangalia kwenye tivii. Bila ile kesi yao wangemaliza 24, Peru 23 😂