Siku moja maishani mwangu: maua yakinyauka, naanza na mizizi

Saa 12:30 asubuhi. Natoka na beleshi, kisu kikali na ndoo. Masika imekolea hapa Arusha, na simu ni zilezile: "Fundi, maua yananyauka na ninayamwagilia kila siku."

Saa 2:00. Njiro. Haibiskasi tatu zimelegea majani ilhali udongo umelowa chapachapa. Nachimba pembeni ya shina, navuta kizizi chembamba: ganda linachomoka lote, mkononi unabaki uzi wa katikati. Mizizi imekosa hewa ikaoza, kwa hiyo mmea una kiu ukiwa ndani ya maji. Namwomba mama mwenye nyumba afunge mpira kabisa, nachimba mfereji wa kutoa maji. Mmoja haufai tena, naung'oa.

Saa 4:30. Sakina. "Shikamoo mzee." Ananipeleka kwenye safu ya waridi, na hapa moyo unaniuma kwa sababu ameitunza vizuri. Mashina ya kwanza yamekauka, yanayofuata yana manjano, ya mwisho bado mazima. Ameshapuliza dawa za dukani mara kadhaa. Ugonjwa unaotembea hivi, shina kwa shina kutoka kona moja, mimi siutafuti kwenye majani. Namuuliza kona ile palikuwa na nini. Mti wa mgrivea, anasema, aliukata na kisiki akakifukia.

Nakwangua gome pale shina linapoingia ardhini. Kati ya gome na mti kuna utando mweupe, kama ule wa maziwa yaliyochemshwa, unanukia uyoga mbichi. Ni Armillaria. Kuvu huyu huishi kwenye kisiki na mizizi ya zamani, kisha huvuka pale mizizi inapogusana. Dawa ya majani haimfikii. Wakulima wa chai wanamjua, ndiyo maana huchuna gome la mti kuuzunguka kabla ya kuukata, mizizi iishiwe chakula kwanza na kuvu akose cha kula.

Saa 8:00 mchana. Tunafukua kisiki. Kazi ngumu, tunafuata mzizi mmoja mmoja, vyote vinaenda motoni. Waridi zilizokufa tunazing'oa pamoja na ile ya jirani inayoonekana nzima: gome lake lina utando tayari.

Saa 11:00 jioni. Mzee anauliza apande nini hapo. Mahindi, namjibu, mpaka mabaki ya mizizi yaishe kuoza. Muhogo hapana, kuvu huyu anaushika.