Mradi wa Hartmann: 109 iko kwenye rangi, na nimeongeza Sabre

Wadau kazi inaenda. Ile modeli ya plastiki ya Messerschmitt Bf 109 G-6, ndege ya kivita ya Kijerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, skeli ya 1/48, mabawa yameshika, msasa nimepiga, rangi ya kijivu ya chini imekauka, sasa niko kwenye pua. Na pua ndo penyewe, maana hapo ndo inakaa ile tulipu nyeusi ya Erich Hartmann, rubani wa Kijerumani wa vita hivyo, ncha nyeusi zenye ukingo mweupe zinazoanzia nyuma ya propela. Nakata teipu nyembamba sana na kila ncha naipaka peke yake, ukiharakisha ua lote linaenda upande.

Mchoro huo ulimtia hasara mwenyewe. Marubani wa Kisovieti walishaujua, wakiuona tu wanakwepa, akawa anakosa wa kupambana nao mpaka ikabidi aufute ndege yake ifanane na zingine.

Jamaa aliingia JG 52, kikosi cha ndege za kivita cha Ujerumani, upande wa Urusi Oktoba 1942 akiwa na miaka 20, kuruka alifundishwa na mama yake kwenye glaida, ndege isiyo na injini, tangu utotoni. Hakupenda kuzungushana angani. Anaangalia, anaamua, anasogea mpaka ndege ya adui ijae kioo chote cha mbele, anapiga, anaondoka. Alikuwa anasogea karibu hivyo mpaka vipande vya ndege aliyoipiga vinaharibu ya kwake na inabidi atue popote. Kwa mtindo huo alihesabiwa kuangusha ndege 352, ya mwisho tarehe 8 Mei 1945 karibu na Brno, na hakuna rubani mwingine aliyefika hapo.

Swastika ya mkiani, ile alama ya Wanazi, naipaka. Alirushia serikali ya Hitler, nishani yake ya almasi ya Agosti 1944 alivishwa na Hitler mwenyewe, sasa nikiiacha nitakuwa nasafisha historia isiyo yangu kusafisha.

Haya, kwa nini Sabre, ile ndege ya kivita ya jeti aliyoirusha baadaye. Nilivyozidi kusoma maisha yake baada ya vita nikaona 109 peke yake inasimulia kipande tu, tena kwangu mimi sio kile kizito. Alijisalimisha kwa Wamarekani, wao wakamkabidhi kwa Wasovieti, akakaa kifungoni miaka kumi, akahukumiwa miaka 25 kama mhalifu wa kivita, na mtoto wake wa kiume aliyezaliwa 1945 akafariki 1948 baba hajawahi kumuona hata mara moja. Mke wake Ursula alimsubiri muda wote huo. Alirudi 1955 baada ya Chansela Adenauer kwenda Moscow kuzungumzia wafungwa. Warusi walikuja kumsafisha jina 1997, yeye alishafariki tangu 1993.

Alirudi jeshini, sasa la Ujerumani Magharibi, 1956, na 1959 akawa kamanda wa kwanza wa JG 71, kikosi kilichokuja kupewa jina la Richthofen, rubani maarufu wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanarusha Canadair Sabre Mk 6, na tulipu ikarudi puani. Halafu Ujerumani Magharibi ikaitaka Starfighter, ile jeti ya Kimarekani F-104. Hartmann akasema wazi kwamba ndege haiko salama na vijana hawajaiva kuirusha, wakubwa hawakupenda, akaonekana msumbufu na mwaka 1970 akastaafu na cheo cha kanali. Wajerumani walichukua Starfighter 916, karibu theluthi moja zikapotea, na marubani zaidi ya 100 wakafa. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko zile 352, kwa sababu pale alikuwa anapigania uhai wa vijana wake na hakuwa na cha kupata zaidi ya kuchukiwa.

Kwa hiyo zitakaa stendi moja, 109 kushoto na Sabre yenye namba JA-111 kulia. Mwili wa Sabre nimeshaugundisha, nusu mbili zimeacha mwanya mkubwa chini ya tumbo, najaza na puti kabla ya kugusa rangi. Starfighter siijengi.