Kanu wa nyuma ya banda

Asubuhi moja hapa Morogoro nilikuta tetea wawili hawana vichwa, miili mizima. Mzee jirani akaja, akainama, akasema: "Mwanangu, huyo kanu, yule mnyama wa usiku anayefanana na paka. Kavivuta vichwa kwenye matundu ya wavu." Akanishauri sumu. Nikakataa kwa heshima. Kanu huyohuyo ndiye anayekula panya wa stoo, na sumu ingemaliza paka wa mtaa mzima.

Nikang'oa wavu wa zamani, nikapiga wenye matundu yasiyopitisha kidole, nikaufukia futi 1 ardhini ili nguchiro asichimbe akapita chini. Saa 12 jioni kuku wote ndani, komeo. Vifaranga? Mchana chini ya tenga, mwewe azunguke mpaka achoke.

Jana usiku nilimmulika kanu mwembeni: macho mawili, mkia wa pete. Tukatazamana.