Shaba ni Rangi Gani?

Jana binti yangu alinijia na daftari na penseli za rangi. Mwalimu wao amewachorea ramani ya Katanga, huku kwetu Kongo, wapake rangi kila mahali penye madini, naye alikuwa amekwama kwenye shaba. "Papa, shaba ni rangi gani?" Nikamwambia inategemea umeikuta saa ngapi. Akanitazama kidogo, akaenda kumuuliza mama yake.

Simlaumu. Lakini tangu lile bamba la nyumba ya wageni sina jibu fupi zaidi ya hilo.

Kazi ile iliingia katikati ya nyingine, kama kawaida yetu sisi tusio na mwajiri. Nilikuwa na kadi za harusi za kupanga, tisheti za kwaya moja ya mtaa wa Katuba, na bango la saluni ya kule Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, lililokuwa likisubiri bati lake lioshwe kwa siki. (Bati jipya usilipake rangi ya mafuta moja kwa moja, mteja akuhimize asikuhimize. Zinki inaila rangi kutoka chini, na uso wa yule dada mwenye msuko unaanza kubambuka.) Ndipo akaja mwenye nyumba ya wageni, anataka bamba la shaba la kufua, mita 1.20 kwa sentimita 80, la kutundika nyuma ya meza ya mapokezi. Juu yake ndege na samaki "kama wa Pilipili", yule mchoraji wetu.

Kila mtu Lubumbashi anataka ndege wa Pilipili Mulongoy. Ile karakana ya uchoraji ya Hangar aliyoianzisha Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946 imetuachia macho yake: Pilipili anajaza majani na manyoya mpaka pengo linakosekana, Mwenze Kibwanga anaifuma picha kwa vistari vifupi, Bela anachapa rangi kwa ncha za vidole. Kwenye shaba, kujaza kwa namna ya Pilipili ni msaada mkubwa. Sehemu tupu ya bamba inaonyesha kila wimbi la nyundo. Ukiigonga vidoto vya karibu-karibu, mawimbi yanapotea na bamba lenyewe linakakamaa, halipindipindi tena.

Shida ilikuwa shaba. Malori yanatoka huku kila siku na kathodi za asilimia 99.99, lakini kathodi ni pande zito la kusafirishwa, huwezi kulifua ndege. Karatasi ya milimita 0.6 tuliihangaikia, mwishowe tukaipata kwa fundi anayebomoa mashine za zamani, ikiwa na mikunjo na matundu ya ribiti. Kilo 5 hivi. Alituuzia kwa bei ambayo hata waliokwenda kuiyeyusha ng'ambo wangeshangaa.

Picha inachorwa kinyume, maana unagonga kutoka nyuma. Ndege wa kutazama kulia unamchora akitazama kushoto. Bamba linalazwa kwenye sanduku la mbao lililojazwa lami, unga wa tofali na mafuta ya ng'ombe. Lami inashika, unga unaipa ugumu, mafuta yanailegeza. Kipimo hakitulii. Mwezi wa Oktoba joto likipanda unapunguza mafuta, la sivyo tindo inazama kama kidole kwenye bukari, ugali wetu. Julai asubuhi, na baridi yetu ile, lami inakuwa kavu, inapasuka, na bamba linabanduka katikati ya kazi. Hapo unaongeza mafuta na kuanza kuyeyusha upya.

Ilikuwa Julai.

Shaba ikigongwa inakuwa ngumu, na masikio ndiyo yanayotangulia kujua. Mwanzoni nyundo inatoa sauti nzito ya chini. Baadaye inaanza kulia juu-juu. Ikishalia hivyo uache, kwa sababu ukiendelea itapasuka, na mpasuko kwenye bawa hauzibiki. Inabidi uichome ilainike. Bamba dogo unalichoma kwa shalimo, bomba la kupulizia moto. Kubwa linakataa: shaba inabeba joto mbio, moto unakimbilia pembeni, na pale unapopalenga hapaivi. Mbabula, jiko la makaa la nyumbani, nayo ni ndogo. Tukapasua pipa la lita 200 kwa urefu, tukalijaza makaa, tukasubiri giza. Mchana kazi hiyo haifanyiki. Wekundu unaoutafuta ni hafifu na jua linaumeza. Ukingoja uuone vizuri mchana, umeshapitiliza.

Jioni ile umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, kwa hiyo hatukuwa na taa ya kuzima. Majirani walikuja kuota moto. Kijana wangu alishika upande mmoja kwa koleo, mimi mwingine, tukawa tunalisogeza bamba polepole juu ya makaa, kwa maana likipata joto sehemu moja tu linajikunja. Kwanza lilipata rangi ya chungwa. Ikaja zambarau. Ikaja bluu, ikapita kuanzia kichwa cha ndege, ikashuka shingoni, ikaingia kwenye bawa, na nyuma yake kitu cha fedha-fedha kikawa kinaifukuza. Halafu weusi. Bamba zima likazimika, ukadhani moto umelishinda. Tukaendelea kulisogeza. Hakuna aliyesema kitu. Ndani ya ule weusi wekundu ukaanza kuamka, wa chini sana, kiasi kwamba ukiukazia macho unaupoteza na ukitazama kando unaurudisha. "Toa!" Tukalivuta, jirani akamwaga ndoo. Chuma ukikizima hivyo kinaweza kuwa kigumu, shaba haijali. Mvuke ukatufunika, ngozi nyeusi ikaruka vipandevipande, na chini yake ikatokea shaba ya waridi, laini hata ningeweza kuikunja kwa kidole gumba.

Mama wa nyumba ya pili akaniomba: "Papa, uturudishie ile ya bluu, ibaki hivyo." Nilikuwa bado na wiki za kugonga. Bluu ile ni ngozi nyembamba mno, nyundo ingeila siku ya kwanza.

Mengine nayapitia haraka. Tuligonga, tukachoma tena, tukasafisha kwa asidi ya betri iliyopunguzwa (asidi ndiyo inayoingizwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi), tukasuuza kwa maji ya magadi. Usiruke hiyo suuza. Dawa ya kutia weusi nilipika mwenyewe nje: salfa ya unga mafungu 2, chokaa fungu 1, maji 10, ichemke kama saa nzima mpaka iwe ya kahawia nyekundu. Inanuka mayai yaliyooza, na ikikutana na asidi iliyobaki inatoa gesi inayoua. Ukiipaka, bamba zima linakuwa jeusi. Halafu unasugua sehemu zilizoinuka tu kwa kitambaa na majivu laini, weusi unabaki mabondeni, na manyoya yanaanza kuonekana moja moja.

Kwenye devi, ile karatasi ya makadirio ya bei, niliandika vernisi (vanishi), tabaka 2. Mteja akaifuta kwa mstari. Shaba ni shaba, akasema, ya nini kuipaka dawa ya viti? Nikapaka nta ya nyuki, tukatundika, akanipa sehemu ya salio na ahadi ya iliyobaki.

Nilirudi pale miezi baadaye kuidai. Bamba lilikuwa la waridi kutoka pembe hadi pembe, linawaka, ndege hawajulikani pa kuanzia wala pa kuishia. Mama wa usafi alikuja mbio kunisalimu, ana furaha. "Ilikuwa na weusi-weusi, papa. Nimeisugua muzuri na ndimu, sasa inangaa." Na mwenye nyumba alikuwa palepale anapigwa picha mbele yake na wageni wake. Akaniita "artisti wetu", akasema sasa ndiyo anaona hela yake ilikwenda wapi, akaingia ofisini, akanihesabia salio lote bila kupunguza.

Nilipokea. Nilimshukuru hata mama wa usafi, na kusema kweli sijui nilikuwa namshukuru kwa nini.

Siku hizi vernisi naiandika juu kabisa ya devi, kabla ya shaba yenyewe. Wateja wengi bado wanaanza kuifuta hiyo. Juzi mmoja aliiacha, akafuta usafiri.