Kura ya mzee wa Jinja

Mzee aliletwa wodini kwetu usiku, wiki ya pili ya Aprili 2020, barakoa ya oksijeni usoni na koti lake amelikumbatia kifuani. Nilimsemesha Kiingereza. Akasoma jina langu kwenye kitambulisho, akauliza kwa Kiswahili, "Wewe mtu wa wapi?" Nikamwambia, Tanga. Akafumba macho, akakaa hivyo muda.

Yeye alikuwa mtu wa Jinja. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa pale, na mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, familia yao ikafikia Leicester, Uingereza, kama familia nyingine nyingi. Tangu mkewe afariki hakuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Kuanzia usiku ule mimi nikawa binti, naye akawa baba.

Kesho yake daktari alikuja na karatasi za RECOVERY, utafiti wa dawa za korona uliokuwa ukiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Oxford na maprofesa Peter Horby na Martin Landray. Mgonjwa akikubali, kompyuta inampigia kura: ama anapata matibabu ya kawaida peke yake, ama anaongezewa mojawapo ya dawa zinazojaribiwa. Hakuna daktari anayechagua, wala muuguzi. Mojawapo ya dawa hizo ilikuwa deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku, zisizidi siku 10.

Niliposikia deksa nilishtuka kidogo. Hiyo ni dawa niliyoizoea tangu nikiwa mwanafunzi nyumbani. Tulikuwa tukiwachoma akina mama wenye uchungu wa mapema ili mapafu ya mtoto yakomae. Ipo tangu miaka ya 1960, na bei yake ni ndogo. Lakini kwa nimonia ya virusi madaktari walikuwa wakiiogopa, na hawakuogopa bure. Deksa ni steroidi, na steroidi hutuliza kinga ya mwili, na kinga ndiyo inayopigana na kirusi. Kwenye mafua makali kulikuwa na taarifa za wagonjwa waliopewa steroidi kufa zaidi, na Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri zisitumike kwa korona nje ya utafiti. Upande wa pili walisema kwamba mgonjwa akifika hatua ya kukosa pumzi, mara nyingi kinachoyaharibu mapafu si kirusi tena, ni ile kinga yenyewe iliyopandwa na hasira. Wote walikuwa na hoja. Nilikuwa nawasikia wakibishana korido nzima, wasomi watupu, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Baba alizisoma karatasi zote, miwani ikifuka ukungu wa barakoa. Akaniuliza ningekuwa yeye ningefanyaje. Nikamwambia, baba, hilo siruhusiwi kukujibu. Akacheka, kicheko kikamkatia pumzi, tukasubiri. Kisha akasema, "Binti, mimi nilipanda ndege na sanduku moja, sijui naenda wapi. Hii ni karatasi tu." Akatia sahihi.

Kompyuta haikuchukua hata dakika. Matibabu ya kawaida.

Yaani oksijeni, sindano ya kuzuia damu kuganda, kumlaza kifudifudi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alipata deksa. Kila asubuhi nilipita na vidonge vyake mbele ya kitanda cha baba, na kila asubuhi roho iliniuma. Sitasema niliona sawa. Niliona kama nampita mtu mwenye njaa nikiwa nimebeba sahani ya mwenzake, ingawa hakuna aliyejua kama ndani ya ile sahani mna chakula au sumu.

Siku ya tano alipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Siku ya tisa alifariki. Wageni walikuwa hawaruhusiwi, kwa hiyo bintiye alimuaga kwa simu, na mwenzangu wa kule ndiye aliyeishika.

Tarehe 16 Juni matokeo yakatangazwa. Tulikuwa chumba cha chai, daktari akasoma kwa sauti. Wagonjwa 2,104 walipewa deksamethasoni, 4,321 hawakupewa. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilipungua kwa theluthi moja. Kwa waliokuwa na oksijeni tu, kwa moja ya tano. Kwa wasiohitaji oksijeni, hakukuwa na faida yoyote. Siku ileile serikali ikaruhusu itumike nchi nzima, na jioni nilimpa mama mmoja vidonge vyake vya kwanza. Hakukuwa na kura tena. Mikono ilikuwa ikinitetemeka.

Wiki hiyo bintiye mzee akapiga simu wodini. Alikuwa ameona habari. Aliomba azungumze na yule muuguzi wa Tanga, msimamizi wetu akaruhusu.

"Dada, baba alipewa ile dawa?"

Nikamwambia hakupewa. Akanyamaza. Nikamweleza kama daktari alivyotufafanulia: kwa mgonjwa wa oksijeni kama baba, ilibidi watu kama 25 watibiwe ili mmoja aokoke, kwa hiyo hata angepata, huenda angeondoka vilevile. Nilikuwa nasema kweli, lakini nilisikia jinsi maneno hayo yalivyo mepesi kwa mtu aliyefiwa na baba yake.

"Kwa hiyo yeye hakusaidia kitu."

Hapo nilikataa. Nikamwambia, dada, wale waliopewa wangehesabiwa dhidi ya nani? Bila wasiopewa, tungekuwa bado tunabishana korido. Baba yako yumo kwenye hesabu ile.

"Yumo wapi?"

"Kwenye wale 4,321."

Nikasikia droo ikifunguliwa. Akaniomba niitaje tena ile namba, polepole, aiandike.